Kuunganisha Hozi za Kusukumiza na Fitingi Zake kwenye Mfumo wa Mafuta wa Gari

Gari la petroli lililokwisha kutimiza miaka 25 na zaidi, hasa lile ambalo limelala usiku mwingi karibu na bahari, huanza kuoza mahali ambapo mwenye gari hapatazami: kwenye mabomba membamba ya chuma yanayopeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Chumvi iliyomo katika hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hutulia pale bomba linapobanwa na kishikizo chake, huchanganyika na matope, kisha hula chuma polepole mpaka siku moja harufu ya petroli inajaa ndani ya gari. Fundi akikata kipande kilichooza hubaki na pengo ambalo ni lazima lizibwe, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa kuwa mpira wowote unaoingia kwenye bomba, ukikazwa na klipu mbili, huonekana kuwa kazi imekwisha.

Mwongozo huu unaeleza njia nyingine ya kuziba pengo hilo, yaani kutumia hozi ya kusukumiza pamoja na fitingi zake maalumu. Gari nitakalolitumia kama mfano ni Toyota Corolla yenye injini ya 4A-FE, kwa sababu ni gari ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamelishika kwa mikono yao na mfumo wake wa mafuta ni rahisi kufuatilia: pampu iko ndani ya tangi, filta na reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia petroli nozeli za kupulizia, ziko kwenye chumba cha injini, na petroli iliyozidi hurudi kwenye tangi kwa bomba lake.

Hozi hii inashikaje bila klipu?

Hozi ya kusukumiza ina tabaka tatu. Ndani kuna mpira sanisi, mara nyingi wa aina ya naitraili, ambao hauliwi na petroli. Katikati kuna msuko wa nyuzi imara. Na nje kuna ganda la kuzuia mikwaruzo na joto. Fitingi yake ina shina lenye matuta kadhaa ambayo kingo zake kali zimeelekea nyuma, kama ncha ya chembe ya mshale, na mwishoni mwa shina kuna pete, aghalabu ya plastiki, inayopokea na kuificha ncha ya hozi. Kipenyo cha matuta kimezidi kidogo tundu la hozi. Unaposukuma, mpira hutanuka kupita juu ya tuta, kisha hujirudi nyuma yake na kulikumbatia.

Kazi ya msuko ndiyo inayowashangaza wengi. Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu anajua kwamba ukikivuta pande zake mbili kinarefuka na papo hapo kinajibana. Msuko wa hozi hufanya vivyo hivyo. Kadiri hozi inavyovutwa ili itoke kwenye fitingi, ndivyo msuko unavyopungua kipenyo na kuyabana matuta zaidi. Kiungo hiki basi hujishika chenyewe, lakini kwa sharti kwamba hozi na fitingi zimetengenezwa kwa ajili ya kushikana, hozi imekatwa sawasawa, na shina limeingia lote.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ambayo naiweka mbele ya nyingine zote: usifunge klipu juu ya kiungo cha hozi ya kusukumiza. Klipu ya kukaza kwa bisibisi huukandamiza mpira juu ya kingo kali za matuta hadi kingo hizo ziukate tabaka la ndani, na mkato huo huwa njia ya petroli kupenya kwenye msuko na kutokea mahali pengine kabisa, mbali na kiungo, ambapo hakuna atakayefikiria kutazama. Nimeona hozi mpya iliyovuja baada ya wiki chache tu kwa sababu hiyo, na fundi aliyeifunga klipu aliifunga kwa nia njema kabisa ya kuongeza usalama. Kama kiungo hakishiki bila klipu, tatizo ni hozi, fitingi au ukataji, na klipu haitaliondoa.

Mahali panapofaa na mahali pasipofaa

Mfumo wa kabureta hufanya kazi kwa presha ndogo, kiasi cha bar 0.3 hadi 0.5. Injini ya 4A-FE, ambayo hupulizia petroli kwenye njia ya hewa kwa nozeli, huhitaji presha inayokaribia bar 3. Hozi nyingi za kusukumiza za ukubwa unaotumika kwenye magari zimepimwa kufanya kazi hadi bar 17 hivi, yaani paundi 250 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo presha ya gari la namna hii iko chini sana ya uwezo wake. Hata hivyo, usizichukulie hozi zote zinazofanana kwa sura kuwa ni moja. Ziko hozi za kusukumiza zilizotengenezwa kwa ajili ya hewa ya kompresa au maji tu, zenye rangi na unene uleule, na petroli huzivimbisha na kuzilainisha. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa hozi, na kama hayataji mafuta ya petroli au hayasomeki, iache dukani.

Mahali pengine ni pa kukatazwa bila mjadala. Magari ya petroli yanayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama yale ya Toyota yenye injini za D-4, yana pampu ya pili inayosukuma petroli kwa presha ya makumi ya bar hadi zaidi ya 100. Dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja hupita bar 1,000. Hozi ya mpira haina nafasi yoyote katika upande huo wa mfumo. Vilevile, hozi ya kusukumiza isiwekwe ndani ya tangi ikazama kwenye petroli, kwa kuwa ganda lake la nje halikutengenezwa kuogelea humo. Kazi hiyo ina hozi yake, ile inayotambulika kwa alama ya SAE J30R10.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji huenda asikuambie. Mpira wa naitraili hupitisha mvuke kidogo wa petroli kupitia ukuta wake hata pale ambapo hauvuji tone. Gari linalolala nje halitakusumbua, lakini gari linalolala kwenye banda lililofungwa, na hasa banda lililoungana na nyumba, litatoa harufu. Kwa gari la namna hiyo ni afadhali kutumia bomba jipya la chuma kwa sehemu kubwa ya njia, na hozi iwe fupi, mahali pale tu ambapo injini inatikisika na panahitaji kitu kinachopinda.

Kununua hozi na fitingi za ukoo mmoja

Push-Lok ni jina la kibiashara la kampuni ya Parker, ingawa madukani jina hilo hutumika kwa hozi yoyote ya namna hii. Zipo pia Super Stock ya Earl's na Twist-Lok ya Russell, ambazo hulenga magari ya mashindano. Nunua hozi na fitingi za mtengenezaji mmoja. Tofauti ya nusu milimita kati ya shina na tundu inatosha kukifanya kiungo kiwe kigumu kupita kiasi au kilegee, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho. Ukienda Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, utakuta fitingi nyingi zilizochanganywa kwenye makopo bila alama. Hizo hazifai kwa petroli hata kama bei yake inavutia.

Ukubwa huhesabiwa kwa namba inayotanguliwa na kistari, na kila moja ni sehemu ya kumi na sita ya inchi. Hivyo namba 6 ni sehemu 6 za 16, yaani inchi 3/8 au milimita 9.5, na namba 8 ni nusu inchi. Utaratibu huu ulianzia katika viwango vya majeshi ya Marekani, ndiyo maana fitingi hizi hujulikana kwa herufi AN, zinazotokana na maneno ya Kiingereza Army na Navy, yaani jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Kwa Corolla yetu namba 6 inatosha kwa njia ya kwenda na ya kurudi pia.

Upande wa pili wa fitingi, ule unaofungwa kwa spana, una nati inayozunguka na koni ya digrii 37 ndani yake. Ukaaji wa koni juu ya koni ndio unaozuia petroli. Hesi za nati, yaani meno yake ya kuzungushia, hazizuii chochote, kazi yake ni kuzisukuma koni zikutane. Jambo hili ni la kulishika vizuri kwa sababu maduka yetu ya haidroliki yamejaa fitingi za Kiingereza za BSP, ambazo koni yake ina pembe tofauti. Zaidi ya hapo, nati ya namba 6 ina hesi za inchi 9/16 zenye meno 18 kwa kila inchi, na kipenyo hicho ni milimita 14.3. Boliti ya milimita 14 yenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya meno itaingia ndani yake mizunguko miwili au mitatu kabla ya kukwama, na fundi mwenye haraka atadhani ni uchafu, aongeze nguvu, na kuviharibu vyote viwili. Nunua geji ya hesi. Ni kijitabu kidogo cha bapa za chuma zenye meno, na gharama yake ni ndogo kuliko ya fitingi moja iliyoharibika.

Kwenye reli ya nozeli ya 4A-FE petroli huingia kupitia boliti ya banjo, ile yenye tundu katikati na washa mbili. Hapo utahitaji adapta ambayo upande mmoja inafuata hesi za reli na upande wa pili ina koni ya digrii 37, pamoja na washa mpya. Washa iliyokwisha kubanwa mara moja isirudishwe. Kwenye bomba la chuma lililobaki chini ya gari, usisukumize hozi moja kwa moja juu ya chuma kitupu kisicho na matuta. Tanua ncha ya bomba kwa kifaa cha digrii 37 na ulivishe nati na pete yake, au tumia adapta ya kubana iliyotengenezwa kwa kipenyo cha bomba hilo.

Kuliandaa gari na mahali pa kazi

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya chini ya nyuzi 0, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya mabondeni. Shimo la gereji ndilo bonde baya kuliko yote. Kazi hii ifanyike juu ya ardhi, mahali penye upepo, gari likiwa limeinuliwa kwa stendi imara. Gereji zetu nyingi ziko chini ya mti, hatua chache kutoka kwa fundi wa kuchomelea upande mmoja na jiko la mama lishe upande mwingine. Waombe wote wawili wasubiri, au lihamishe gari. Mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu uwe karibu na mkono wako, na usiwe umefungiwa ofisini.

Kabla ya kufungua nati yoyote, ondoa presha iliyobaki. Chomoa plagi ya waya wa pampu, ambayo katika Corolla nyingi hufikiwa chini ya kiti cha nyuma, kisha washa injini na uiache izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Jaribu kuiwasha tena mara moja au mbili kwa sekunde chache. Baada ya hapo fungua kifuniko cha tangi, tenganisha waya hasi wa betri, na uache injini ipoe kabisa. Hata baada ya hatua hizo, kiungo cha kwanza kifunguliwe kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa, na chombo cha chuma kiwe chini yake, kwa maana petroli kidogo itatoka tu. Vaa miwani. Mabomba yanayobaki wazi yazibwe kwa vizibo safi ili mchanga usiingie.

Kupima na kukata

Usikate hozi kwa kukisia. Chukua waya laini unaopinda, uupitishe njia ileile ambayo hozi itapita, kisha uunyoshe na kuupima. Njia hiyo iwe mbali na bomba la moshi, kwa kuwa mpira huu huanza kuumia unapokaribia digrii 100 za Selsiasi; mimi huacha nafasi isiyopungua upana wa kiganja, na pale isipowezekana huweka bati la kukinga joto katikati. Kona isiwe kali. Hozi ya namba 6 inahitaji kupinda kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 75 au zaidi kidogo, kulingana na mtengenezaji, na kona iliyo kali kuliko hiyo iachiwe fitingi ya digrii 45 au 90.

Kumbuka pia kwamba injini hutikisika juu ya mipira yake, na kwamba hozi hubadilika urefu kidogo inapojaa presha. Hozi iliyonyooka kama uzi wa gitaa itakuwa ikiivuta fitingi kila unapokanyaga mafuta. Ongeza milimita 20 au 30 za ulegevu, na uhesabu vilevile sehemu itakayomezwa na shina katika kila ncha.

Mkato ndio unaoamua hatima ya kiungo. Ni lazima uwe wima kabisa kwa urefu wa hozi, kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari itagusa mwisho wa pete upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado nje, nawe utadhani umesukuma vya kutosha. Zungushia hozi utepe wa karatasi, uhakikishe kingo za utepe zimekutana sawasawa, kisha ufuate ukingo huo. Tumia mkasi maalumu wa hozi au kisu chenye wembe mpya, hozi ikiwa juu ya ubao mgumu, na ukate kwa mkandamizo mmoja badala ya kukereza. Msumeno wa chuma usiguse kazi hii. Huacha vumbi la mpira na nyuzi zilizochomoza, na vumbi hilo litasafiri hadi kwenye nozeli, mahali ambapo matundu yake ni membamba mno. Ukimaliza kukata, puliza hozi kwa hewa kavu kutoka pande zote mbili na uchungulie ndani kwenye mwanga.

Kusukumiza

Ishike fitingi kwenye jiriwa lenye midomo iliyovikwa alumini au mbao laini. Usiibane nati inayozunguka, kwani hubonyea na ikishabonyea haitakaa tena kwenye koni. Njia ninayoipenda zaidi ni kuifunga fitingi kwa mkono kwenye adapta ya kiume ya ukubwa huohuo na kuibana adapta hiyo kwenye jiriwa. Hivyo nati inabaki salama na shina linasimama wima.

Pima kina cha shina kuanzia ncha yake hadi ndani ya pete, na uweke alama ya kina hicho kwenye ganda la hozi kwa kalamu nyeupe. Paka matone machache ya oili nyepesi ya injini juu ya matuta na ndani ya mdomo wa hozi. Maji ya sabuni pia hutumika, ila itabidi uyakaushe yote baadaye, na maji ndani ya mfumo wa petroli si mgeni wa kumkaribisha. Grisi isitumike kwa sababu haikauki wala haiondoki, na mafuta ya silikoni ya kupuliza yasitumike kabisa, maana silikoni ikifika kwenye bomba la moshi huua sensa ya oksijeni.

Sasa shika hozi karibu sana na ncha yake, milimita 30 hivi kutoka mwisho, ili isipinde mkononi. Iweke juu ya tuta la kwanza na usukume moja kwa moja kufuata mstari wa shina mpaka tuta hilo limezwe. Pumzika. Sogeza mkono nyuma kidogo, ulalie hozi kwa uzito wa mwili na usukume kwa nguvu inayoongezeka taratibu hadi tuta la pili na la tatu, na hatimaye ncha ya hozi izame chini ya pete. Alama nyeupe uliyoiweka itakuwa imefika kwenye ukingo. Kama bado inaonekana mbali na ukingo, hata kwa milimita 3, kiungo hakijakamilika, na ni afadhali uendelee kusukuma sasa hivi kuliko kuahirisha, kwa sababu oili ikishasambaa na mpira ukishatulia hautasogea tena kwa urahisi.

Hozi nyingine ni ngumu, hasa asubuhi ya baridi katika nyanda za juu kama Mbeya au Nakuru. Tumbukiza ncha yake, milimita 40 tu, kwenye maji ya moto kwa muda wa dakika moja, ifute ikauke haraka, paka oili na usukume. Hilo lifanyike kwa hozi mpya ambayo haijapata kuguswa na petroli. Kiberiti, tochi ya gesi na bunduki ya hewa ya moto visikaribie. Huunguza tabaka la ndani wakati ganda la nje bado linaonekana zima, na mpira ulioungua hupasuka juu ya tuta baada ya miezi michache.

Kuelekeza fitingi zenye kona

Hozi yenye fitingi zilizonyooka pande zote mbili haina shida ya mwelekeo. Ikiwa na kona pande zote mbili, kosa la digrii 20 litakulazimisha kuipindua hozi ili nati zifunge, na hozi iliyopinduliwa hujaribu kujinyosha muda wote, ikiilegeza nati kidogo kidogo. Mara shina linapozama lote, hozi haigeuki kwa hiari juu ya matuta.

Kwa hiyo funga fitingi ya kwanza kikamilifu, kisha uipeleke hozi garini kabla ya kufunga ya pili. Iunganishe kwa mkono, ipitishe njia yake, ushikilie fitingi ya pili mahali pake, na uchore mstari mmoja unaovuka hozi na fitingi. Rudi kwenye jiriwa, sukuma tuta la kwanza huku mistari ikiwa imekutana, tazama tena, urekebishe kama umekosea, halafu ndipo umalizie.

Kujaribu mezani kabla ya kufunga garini

Vuta kila kiungo kwa mkono kwa nguvu zako zote. Kisichotoka kwa mkono bado hakijathibitika, lakini kinachotoka kimekwisha kujieleza. Kisha ziba upande mmoja kwa kizibo cha namba 6, upande wa pili uunganishe na kompresa, zamisha hozi nzima kwenye ndoo ya maji na upandishe hewa polepole hadi bar 4, uso wako ukiwa mbali na ncha zote mbili. Iache kwa dakika kadhaa. Mapovu machache yanayotoka mwanzoni huweza kuwa hewa iliyokuwa imenaswa chini ya pete. Yakiendelea, kiungo kinavuja. Ondoa presha, na baadaye puliza hozi mpaka ikauke kabisa ndani.

Kiungo kilichokosewa hakivutwi kwa koleo. Kichane kwa kisu, kuanzia kwenye pete kurudi nyuma kwa milimita 25 hivi, wembe ukiwa umelala mshazari na usizame mpaka kwenye chuma. Ukishachana, pinda hozi na uivute kwa mshtuko mmoja. Chunguza matuta kwa ukucha. Mkwaruzo unaovuka tuta kutoka mbele kwenda nyuma ni mfereji ambao petroli itaufuata, na fitingi hiyo haitafaa tena. Ikiwa safi, itatumika mara nyingine. Ncha ya hozi iliyochanwa ikatwe na kutupwa, na ukataji uanze upya.

Kufunga garini na kuwasha

Futa koni zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usizungushe utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye hesi hizi, kwa kuwa hausaidii kuziba na vipande vyake hukatika na kuingia kwenye mkondo wa mafuta. Tone la oili kwenye hesi linatosha. Nati izungushwe kwa mkono hadi mwisho; ikigoma mapema, rudi kwenye geji ya hesi. Baada ya hapo tumia spana mbili, moja ikishikilia adapta na nyingine ikigeuza nati. Kwa fitingi za chuma za namba 6, kuigeuza nati kwa upande mmoja na robo hivi kati ya pande zake sita kunatosha. Za alumini ni laini zaidi, na vipimo vya mtengenezaji wake vifuatwe bila kuzidishwa. Weka alama ya kalamu inayovuka nati na adapta, ili baadaye ujue kwa kutazama tu kama kuna kilichosogea.

Shikilia hozi kwa vishikizo vilivyovikwa mpira, mbali na kingo za bati na mishipi ya injini, kwa umbali usiozidi nusu mita kati ya kishikizo na kingine. Rudisha plagi ya pampu na waya wa betri.

Usiwashe injini mara moja. Magari mengi hukimbiza pampu kwa sekunde mbili unapofungua swichi, lakini Toyota za kizazi hiki hazifanyi hivyo; pampu yake husubiri injini izungushwe. Fungua kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini, unganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, ufungue swichi bila kuwasha, na pampu itaujaza mfumo presha. Sasa pita kila kiungo ukiwa na kurunzi na kipande cha gazeti kavu. Ligusishe gazeti chini ya kila nati na kila pete, kwa sababu petroli kidogo hukauka hewani kabla jicho halijaiona, bali gazeti hubakiza doa. Subiri dakika 5 na urudie. Ukiona doa kwenye nati, zima swichi, ondoa presha, fungua na utazame koni kabla ya kufikiria kukaza zaidi. Doa kwenye pete maana yake hozi ni ya kutolewa na kiungo kuanzwa upya.

Kila kitu kikiwa kikavu, ondoa kipande cha waya, washa injini, iache ipate joto la kawaida, izime, ipoe, kisha urudie ukaguzi wa gazeti. Rudia tena siku ya pili yake, na baada ya kilomita 500 hivi, ukitazama zile alama za kalamu. Funga kwenye hozi kibati chenye tarehe ya siku ulipoiweka. Katika kila sevisi ibonyeze na kuipinda kidogo kwa vidole karibu na fitingi: ikiwa imekuwa ngumu kama kuni, imelainika kama ulimi, au ganda lake linaonyesha nyufa inapopindwa, ibadilishe siku hiyohiyo.